Jinsi Nilivyomkana Muuza Achari

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri sana, lakini kulitaja katika maandishi yasiyo na mhuri kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ajili ya sherehe za kuadhimisha kufunguliwa kwake. Kwa hiyo nitasema tu: nchi yetu. Mtakaodhani mnaifahamu, mnakosea. Nchi yenu haina mambo kama haya.

Mimi naitwa Ndaro. Nilikuwa Karani Msaidizi wa Pili katika Idara ya Ustawi wa Wauzaji wa Kiganjani. Wauzaji wa kiganjani ni wale wanaouza vitu vyao kwa simu. Mtu anapiga picha gauni, au keki, au viatu, anaiweka kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, mteja anaagiza, anatuma pesa, mzigo unapakiwa kwenye basi na kwenda zake. Wengi ni wanawake wasio na uwezo wa kukodi duka. Serikali iliwaona, ikawahurumia, ikawaundia Idara. Idara ilikuwa na Mkurugenzi Mkuu mmoja, wakurugenzi tisa, madereva kumi na mmoja, na mimi.

Kazi yetu ilikuwa rahisi, kwa sababu Mheshimiwa Rais alikuwa ameshatangaza uwanjani kwamba utapeli wa mtandaoni umekwisha nchini. Watu walipiga makofi, na tangu siku ile neno lenyewe likaondolewa kwenye fomu zetu. Muuzaji aliyetumiwa ujumbe wa uongo wa malipo, akapeleka mzigo na asipate kitu, alitakiwa kuandika kwamba amempata "mteja ambaye hajakamilika". Aliyeibiwa kila kitu aliandika "mabadiliko ya ghafla ya umiliki". Mwaka ule tulipokea malalamiko elfu nne kuhusu wateja ambao hawajakamilika, na kuhusu utapeli hatukupokea hata moja. Mkurugenzi Mkuu alivishwa nishani.

Mkurugenzi Mkuu wetu, Mheshimiwa Pazi Kilembe, alikuwa mtu wa maneno mazito. Asubuhi moja alitukusanya uani, akapanda juu ya kreti la soda.

"Ndugu watumishi," alisema, "muuzaji asiyesajiliwa ni muuzaji asiyejulikana! Asiyejulikana hawezi kulindwa! Na asiyeweza kulindwa ni hatari kwa anayemlinda!"

Tulipiga makofi. Mpaka leo sijaelewa kwa nini, lakini nilipiga kwa nguvu kuliko wenzangu.

Kila karani, yaani mimi, akatakiwa kuleta wauzaji arobaini wa kuandikwa daftarini. Atakayepungukiwa angehamishiwa Idara ya Nyaraka Zilizolowa, iliyoko chini ya ardhi, ambako watu wazima wenye vyeti hupiga pasi mafaili siku nzima. Zikiwa zimebaki siku mbili, nilikuwa na wauzaji thelathini na tisa.

*

Nyamizi alikuwa jirani yangu. Zamani alikuwa mpishi wa shule, kabla shule haijagundua kwamba wanafunzi walioshiba husinzia. Alipoachishwa kazi akaanza kutengeneza achari: ya ndimu, ya embe, na ya bilimbi, ambayo watu waliifuata kutoka mikoa ya mbali. Alikuwa akitandaza kitambaa cha kijani dirishani, anapanga chupa juu yake, anangoja jua lizipige kutoka nyuma, ndipo anapiga picha. Ukurasa wake, Achari ya Nyamizi, ulikuwa na wafuasi elfu sita, na kila aliyemwandikia alijibiwa kwa jina lake.

Nilimkuta akifuta chupa.

"Ndaro, mimi nauza achari," alisema nilipomweleza. "Serikali inataka nini na achari yangu?"

"Inataka kukulinda, dada."

"Dhidi ya nani?"

Hapo nilikwama, kwa sababu matapeli walikuwa wamekwisha. "Dhidi ya hali," nikasema.

Alicheka mpaka akaweka chupa chini. Akachukua fomu. Ilikuwa na maswali sitini na matatu. Iliuliza jina lake, jina la mama yake, namba ya kitambulisho, siku ambazo mauzo yanachangamka, na kama akipigiwa simu huwa anaamini upesi au taratibu. Swali la sitini na moja lilisema: *Taja neno la siri la ukurasa wako. Lisiandikwe kwa penseli.*

Kalamu yake ilisimama.

"Hili nalo?"

"Ni la kumbukumbu tu. Linakaa kabatini kwangu."

"Wewe unasema ni salama?"

Nilifikiria pasi za Nyaraka Zilizolowa. "Ni salama," nikasema.

"Basi naandika kwa sababu ni wewe," alisema, akaandika. Mimi nilifumba macho alipokuwa akiandika, ili kuonyesha heshima.

*

Wiki moja baadaye alikuja ofisini mtu aliyejitambulisha kwa jina la Bwana Tegemeo. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, ananukia, na alikuwa na barua yenye mihuri mitatu, mmojawapo wa kwetu, uliogongwa kichwa chini miguu juu. Alisema anafanya utafiti juu ya maendeleo ya muuzaji mdogo. Aliomba daftari la usajili.

Nilimwambia daftari ni siri. Akasema anajua, ndiyo maana anaomba nakala tu. Siri yenyewe ataiacha palepale ilipo.

Ningemuuliza mkubwa wangu, lakini wakubwa wote walikuwa hoteli ya ufukweni kwenye semina ya siku tano kuhusu utunzaji wa siri. Kwa hiyo nilifikiri mwenyewe. Nilipokuwa nafikiri, Bwana Tegemeo aliweka mezani boksi dogo. Ndani yake kulikuwa na simu mpya, ya aina ambayo Mkurugenzi Mkuu mwenyewe alikuwa hajaipata.

Nikatoa nakala. Kurasa zote, pamoja na ile ya swali la sitini na moja. Alinishukuru, akaondoka, akaisahau simu mezani.

Nataka lieleweke kwamba nilimwita airudie. Nilingoja mpaka hatua zake zikaisha kwenye ngazi, kisha nikamwita, kwa sauti ya chini.

*

Hazikupita hata wiki mbili. Ilikuwa mchana, niko nyumbani nakula, Nyamizi akaingia bila kupiga hodi. Hakuwahi kufanya hivyo.

"Ndaro, nimetolewa kwenye ukurasa wangu. Naingiza neno langu la siri, unaniambia si langu. Lakini kuna mtu humo ndani. Anaandika! Hebu tazama."

Nilitazama. Chupa zake zilikuwepo, kitambaa cha kijani kilikuwepo, na chini yake maneno yasiyo yake: *Ofa ya wiki! Nusu bei! Lipa kwanza, mzigo utakufuata ulipo!* Watu walikuwa wanashangilia na kulipa. Mwingine alikuwa ameandika: *Da Nyamizi, nakuamini kama dada yangu, nimetuma.*

"Wamelijuaje neno langu?" aliuliza. "Sijamwambia mtu yeyote. Mama yangu halijui. Nimeliandika mara moja tu katika maisha yangu."

Akanitazama. Hakuwa ananishuku. Alikuwa anangoja nimsaidie kukumbuka aliliandika wapi.

"Mitandao ya siku hizi," nikasema, "ina mambo mengi."

Nikarudi kwenye sahani yangu ya wali.

Siku zilizofuata watu walianza kufika mlangoni kwake. Mmoja alisafiri kwa basi tangu alfajiri kuja kudai chupa zake za ndimu. Nyamizi alijaribu kumweleza. Yule mtu akamwambia mwizi mwenye uso mpole ndiye mbaya zaidi, akabeba jiko lake la gesi, akaondoka nalo kama fidia. Niliyaona hayo kupitia dirisha langu. Nilivuta pazia.

*

Wakati huohuo Idara ilitangaza Muuzaji Bora wa Kiganjani wa mwaka. Mshindi alikuwa Achari ya Nyamizi. Mkurugenzi Mkuu alieleza kwamba ukurasa ule umeongeza mauzo mara tano katika mwezi mmoja, na hakuna mteja hata mmoja aliyelalamikia ubora wa bidhaa. Hilo lilikuwa kweli kabisa. Hakuna aliyekuwa amepata bidhaa. Tuzo ilitumwa kwa njia ya mtandao, na ukurasa ukajibu kwa unyenyekevu mkubwa.

Nyamizi alipoleta fomu yake ya mabadiliko ya ghafla ya umiliki, palizuka tatizo la kisheria. Nyamizi alikuwa ameshapewa tuzo. Sasa huyu anayelalamika ni nani?

Likaitishwa Baraza la Utambuzi. Walikaa watu watatu, Mkurugenzi Mkuu katikati. Nyamizi alikuja amevaa kanga mpya, ameshika kitambulisho mkono mmoja na chupa ya achari ya bilimbi mkono wa pili.

"Unadai wewe ni Nyamizi," alisema Mkurugenzi Mkuu.

"Sidai, mheshimiwa. Ndiye mimi. Kitambulisho hiki hapa."

"Kitambulisho kinaonyesha kwamba wewe ni mtu. Hilo Baraza halilipingi. Lakini Nyamizi ana ukurasa. Wewe una ukurasa?"

"Nimeibiwa."

Karani wa Baraza akakohoa. Neno lile lilikuwa halimo kwenye fomu.

"Nimebadilishiwa umiliki ghafla," Nyamizi akasahihisha. "Lakini waheshimiwa, huyo aliyeko kwenye ukurasa hajui kupika. Mwambieni alete chupa moja tu. Mimi yangu hii hapa. Onjeni."

Walionja. Mjumbe wa kulia alifumba macho. Mjumbe wa kushoto aliagiza pilau kutoka mgahawa wa jirani, na Baraza likaahirishwa kwa saa moja. Liliporudi, chupa ilikuwa tupu, na Mkurugenzi Mkuu akatoa ufafanuzi kwamba ladha haiwezi kupokelewa kama kielelezo kwa sababu haina mahali pa kugonga mhuri.

"Basi muulizeni Ndaro," alisema Nyamizi. "Ndiye aliyeniandikisha. Tumepakana ukuta. Ananijua."

Nikaitwa mbele.

"Karani Ndaro," Mkurugenzi Mkuu akaniuliza, "wewe ulimsajili Nyamizi. Je, ndiye huyu?"

Nilimtazama. Alikuwa anajiweka sawa kanga yake begani, kama mtu ambaye shauri lake limeshakwisha na anajiandaa kwenda nyumbani. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Kwake, mimi kuitwa mbele kulikuwa ndiyo mwisho wa tabu.

Ningejibu ndiye, swali la pili lingekuwa: neno lake la siri lilitokaje kabatini kwako? Simu ya Bwana Tegemeo ilikuwa mfukoni mwangu. Nilihisi uzito wake kama imekuwa tofali.

"Mheshimiwa," nikasema, "ninayemjua mimi ni yule wa kwenye daftari."

"Na huyu aliye mbele yako?"

"Huyu... sina hakika naye."

Nyamizi hakupiga kelele. Aliniita tu. "Ndaro." Mara moja, taratibu, kama unavyomwita mtu aliyesinzia.

Sikuitika.

Baraza liliamua kwamba mwanamke asiyetambulika anakatazwa kutumia jina la Nyamizi katika biashara yoyote, na akikutwa na achari aeleze ameipata wapi. Mkurugenzi Mkuu alinipa mkono kwa uangalifu wangu. Akaninong'oneza akiuliza kama ninajua pa kupata chupa nyingine.

*

Nilipandishwa cheo. Nikawa Mkuu wa Kitengo cha Utambuzi, nikapewa kiti kinachozunguka. Nilikizungusha siku ya kwanza, kisha nikakiacha kimeelekea ukutani.

Mke wangu aliponiuliza ya barazani, nilimweleza kwa lugha ya kiofisi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umesema humjui Nyamizi," alisema.

"Nimesema sina hakika."

"Ulipougua homa ya matumbo mimi nikiwa msibani kwetu, nani aliyekunywesha uji siku tisa?"

Alitandika kitanda chake chumba cha wageni, na hatukuwa na mgeni.

Nyamizi mwenyewe hakunisema kwa mtu. Tulipokutana mlangoni alinisalimu, "Habari za asubuhi," kama unavyomsalimu mtu usiye na hakika naye. Ningependa zaidi anitukane. Ilifika siku nikawa natoka nyumbani kwa kuruka ukuta wa nyuma, mimi, Mkuu wa Kitengo, na faili kwapani.

Siku ya Jumatatu nilikwenda kwa Mkurugenzi Mkuu nikamwambia yote: daftari, Bwana Tegemeo, simu, barazani. Alinisikiliza huku akipaka siagi mkate.

"Ndugu Ndaro, una ushahidi kwamba una hatia?"

"Nakiri mwenyewe, mheshimiwa."

"Kukiri si ushahidi. Kukiri ni maoni." Alivuta jalada, akanionyesha ukurasa wa ushahidi wangu, wenye mhuri mwekundu wa KWELI. "Hii hapa kweli yako. Tumeshaigonga mhuri. Sasa unaniletea ya pili, niiweke wapi? Jalada moja haliwezi kubeba kweli mbili, litapasuka."

"Lakini alitapeliwa, mheshimiwa. Kupitia kwangu."

Aliweka kisu chini. Akaenda kufunga mlango.

"Unataka mimi nimpigie simu Rais," aliuliza polepole, "nimwambie hajaumaliza?"

Alinipa likizo ya siku kumi na nne kwa uchovu. Niliiweka barua ya likizo juu ya kiti kile kinachozunguka, pamoja na funguo za kabati, nikatoka. Sikurudi. Msiniite jasiri, jasiri angerudi kuutafuta mhuri ule na kuuvunja.

*

Nilipiga hodi kwa Nyamizi jioni ileile. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakata ndimu na kuzitia chumvi. Alikuwa anauza kwa siri, kwa majirani, kwenye chupa zisizo na jina. Nilibaki nimesimama, nikamweleza. Sikutumia lugha ya ofisi. Nilipomaliza, alikata ndimu nyingine tatu kabla ya kusema neno.

"Hiyo simu unayo?"

"Ninayo."

"Nzuri?"

"Nzuri."

Alitikisa kichwa polepole. "Kule barazani nilikuita. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Nilidhani labda hukusikia," alisema. "Nimekaa wiki zote hizi najiambia, Ndaro masikio yake tangu ile homa si mazuri."

Kisha akalia. Nami niliyekuja kutubu nikajikuta sina kazi ya kufanya, nimesimama tu, mikono inaning'inia.

Alipojifuta macho, aliinuka akaleta daftari la shule. Humo alikuwa ameandika majina ya kila mtu aliyekuja mlangoni au kupiga simu kudai. Yalikuwa thelathini na moja.

"Hawa walilipa kwa jina langu," alisema. "Siwezi kuwarudishia pesa, sinazo. Lakini achari naijua. Kila mmoja atapata aliyoagiza. Nitawapelekea mwenyewe, waione sura yangu. Na wewe utakuja. Kila mlango utasema ulichoniambia sasa hivi, kwa maneno hayohayo. Usipunguze."

Simu niliiuza kesho yake. Ikawa ndimu, embe, bilimbi, chumvi na chupa.

Tulianza Jumamosi, yeye na kikapu, mimi na ndoo. Sikujua kwamba kumrudishia mtu haki yake katika nchi yetu ni kazi ngumu kuliko kumwibia. Fundi baiskeli alitusikiliza, akacheka, akauliza mchezo huu mpya unachezwaje. Mwalimu mmoja alikataa kufungua geti. "Nipokee chupa ya bure, halafu mniombe namba ya siri? Nendeni!" Tuliacha chupa juu ya ukuta, tulipogeuka tukamwona anaisukuma kwa fimbo ndefu, kama nyoka. Kijana wa duka la dawa alipokea, akanitazama mimi, akatema mate karibu na kiatu changu. Nyamizi alimpigia tiki daftarini.

Mlango wa mwisho siku ile ulikuwa wa Bi Sikitu, mkunga mstaafu. Alikuwa ameagiza chupa kumi na mbili kwa ajili ya harusi ya binti yake, na siku ya harusi wageni walikula pilau kavu, mawifi wakazungumza. Alisimama mlangoni, mikono kifuani. Nikasema yangu, tangu daftari mpaka barazani. Kwa kuwa nilikuwa nimeshayasema milangoni mara tisa, nilidhani yangekuwa mepesi. Hayakuwa.

"Alipokutegemea, ukasema humjui," alisema Bi Sikitu.

"Nilisema sina hakika naye, mama."

"Nakuuliza, ulisemaje?"

"Nilisema simjui," nikajibu.

Alimgeukia Nyamizi, akamtazama kwa muda, vidole vyake vyenye madoa ya ndimu, uso uliokonda. "Ingia ndani, mwanangu," alimwambia. "Una kiu." Nyamizi akaingia na kikapu. Nami nikainua mguu. Bi Sikitu akaufunga mlango, bila hasira, kwa namna ya mtu anayezuia vumbi.

Nikabaki nje, kibarazani. Nilisikia vikombe. Nilisikia mama yule anauliza bilimbi huwekwa juani siku ngapi, na Nyamizi anaeleza, na baadaye, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya fomu, nikamsikia anacheka.

Alitoka baada ya muda, akakaa kwenye ngazi kuvaa viatu. Akafungua daftari, akapiga tiki, akahesabu majina yaliyobaki.

"Jumamosi ijayo tunakwenda ng'ambo ya reli," alisema. "Uje mapema, jua la kule kali."

"Nitakuja." Nilimsogezea kikapu. "Nyamizi, umenisamehe?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya nyumba na kukagua kila chumba.

"Bado sijafika huko," alisema. "Shika ndoo."

Nikashika.